Mchoro Mzuri Hauelei: Tusome Upya Michoro ya Meli ya Karne ya 19

Michoro ya meli ya karne ya 19 ina mashabiki wengi. Inauzwa kama picha za ukutani, inawekwa kwenye kalenda, inasambazwa mitandaoni na maneno kama "zamani watu walikuwa na akili". Na kweli inapendeza. Wino mwembamba, rangi za maji, mistari inayopinda bila kutetereka hata kidogo. Makumbusho ya Greenwich kule London yanahifadhi michoro ya aina hii kwa wingi wa kutisha, na watu hulipa kununua nakala.

Ninachotaka kusema hapa ni kwamba tunaisifu kwa kitu kisicho chake. Mchoro wa meli ni chombo cha kazi, na chombo cha kazi hupimwa kwa kazi yake. Ukiupima hivyo unagundua kwamba unasema karibu kila kitu kuhusu umbo la meli, halafu kuhusu uzito unanyamaza. Kwa mtu wa London hilo ni jambo la kihistoria. Kwa sisi wa Mwanza, ambao kila tarehe 21 Mei kuna watu wanaokwenda makaburini Igoma, si la kihistoria.

Tuanze na kuusoma wenyewe. Mchoro wa mistari ya meli una sura tatu. Ya kwanza inaonyesha meli kutoka ubavuni, omo upande mmoja na tezi upande mwingine. Ya pili inaitazama kutoka juu, lakini nusu tu, kwa sababu nusu ya pili inafanana na ya kwanza na karatasi ilikuwa ghali. Ya tatu ndiyo inayowachanganya watu: ni meli iliyokatwa vipande kama mkate wa kisu, halafu vipande vyote vikapangwa vimoja juu ya vingine. Nusu moja inaonyesha vipande vya mbele, nusu nyingine vya nyuma. Ukizoea, unaliona umbo zima linainuka kutoka kwenye karatasi.

Mistari ile haikuchorwa kwa mkono mtupu. Mchoraji alichukua kijiti chembamba cha mbao kinachopinda, akakizuia kwa vipande vizito vya risasi mahali alipotaka, akapitisha kalamu pembeni yake. Kijiti kikilazimishwa kupita nukta fulani, chenyewe hutafuta mkunjo ulio laini kuliko yote. Hesabu zinazochora mikunjo kwenye programu za usanifu unazotumia leo kwenye kompyuta zimerithi jina na tabia ya kijiti kile. Baada ya hapo mchoro ulipelekwa kwenye sakafu kubwa ya mbao na kuchorwa tena kwa ukubwa halisi, ili mafundi wapate vipimo vya kila taruma.

Kutoka kwenye mistari hiyo unaweza kupata ujazo. Unapima upana wa kila kipande, unatumia kanuni ya Simpson (ile ile ambayo wengi mliikimbia kidato cha sita), unapata kiasi cha maji ambacho meli inakisukuma kando. Archimedes anamalizia kazi: uzito wa maji hayo ni sawa na uzito wa meli inayoelea. Mwaka 1854 Mswisi Jakob Amsler alitengeneza kifaa kidogo ambacho ukikizungusha kwenye mpaka wa umbo kinakupa eneo lake, na hesabu za siku nzima zikapungua sana. Huu ni ushindi wa kweli, na siupingi.

Tatizo linakuja hapa. Meli haipinduki kwa sababu ya umbo peke yake. Inapinduka kwa sababu ya mvutano kati ya nguvu mbili. Uzito wote unashuka chini kupitia kitovu cha uzito. Maji yanasukuma juu kupitia katikati ya sehemu iliyozama. Meli ikilala kidogo, sehemu iliyozama inabadilika umbo, na msukumo wa maji unahamia upande ule iliolalia. Ukichora mstari wa wima kutoka kwenye msukumo huo mpya mpaka ukate mstari wa katikati ya meli, unapata nukta ambayo Mfaransa Pierre Bouguer aliiita metasenta katika kitabu chake cha 1746. Metasenta ikiwa juu ya kitovu cha uzito, meli inajirudisha. Ikiwa chini, meli inaendelea kulala. Basi, ndiyo hivyo tu.

Sasa angalia: metasenta unaipata kwenye mchoro. Kitovu cha uzito huwezi kukipata kwenye mchoro. Kinategemea unene wa mabati yaliyotumika kweli, uzito wa injini, mahali alipokaa mpishi na majiko yake, magunia yako wapi, abiria wako wapi. Mchoro unakupa nusu ya jibu, kwa wino mzuri sana.

Waingereza walilipa gharama ya jambo hili mwaka 1870. Afisa wa jeshi la majini, Cowper Coles, alitaka meli ya kivita yenye mizinga ndani ya minara inayozunguka, ubavu mfupi juu ya maji, na juu yake milingoti mirefu na matanga kamili. Mhandisi mkuu wa meli za jeshi, Edward Reed, alipinga. Magazeti na wabunge wakamuunga mkono Coles, wakamwona Reed kama mtu wa wivu. Meli ikajengwa na karakana ya Laird kule Birkenhead, ikaitwa Captain. Kwenye mchoro, sitaha ilipaswa kuwa takriban mita 2.4 juu ya maji. Ilipoingia majini ilikuwa takriban mita 2 tu, kwa sababu meli ilitoka nzito kuliko ilivyopangwa. Hakuna mstari hata mmoja uliochorwa vibaya. Umbo lilikuwa sahihi kabisa. Uzito ndio haukuwemo.

Mwishoni mwa Julai 1870 wakaifanyia jaribio la kuinamisha. Hesabu zake zilikamilika mwezi uliofuata, meli ikiwa imeshaondoka. Zilionyesha kwamba nguvu yake ya kujirudisha inafika kilele ikilala nyuzi 21 hivi, kisha inaanza kupungua. Monarch, meli ya Reed iliyokuwa kwenye msafara huo huo, ilifika kilele karibu nyuzi 40. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba, karibu na rasi ya Finisterre, upepo mkali ukazikuta zote mbili. Monarch ilipona. Captain ilipinduka na watu zaidi ya 470, Coles akiwemo, pamoja na mtoto wa waziri wa jeshi la majini aliyeipigania meli hiyo. Walionusurika walikuwa 18.

Baada ya hapo ndipo mchoro mwingine ulipoanza kuheshimiwa: mkunjo wa uthabiti. Hauna omo wala tezi, hauna rangi, hakuna anayeutundika ukutani. Ni mstari mmoja unaopanda na kushuka, unaosema meli ikilala nyuzi kadhaa itajirudisha kwa nguvu kiasi gani, na itafika wapi isirudi tena. Kama ningeulizwa mchoro upi wa karne ya 19 unastahili fremu ya dhahabu, ningetaja huo. Wa pili ni alama ya Plimsoll, duara lenye mstari ambalo sheria ya Uingereza ya 1876 ililazimisha lipakwe kwenye ubavu wa meli za mizigo. Huo ni mchoro uliochorwa juu ya meli yenyewe, na mtu yeyote aliyesimama gatini anaweza kuusoma bila digrii.

Ziwa letu linaingia kwenye habari hii mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1875 Stanley aliishusha majini boti yake, Lady Alice, pale Kageye, kando ya ziwa upande huu wa Mwanza. Ilisanifiwa na kujengwa Teddington, Uingereza, na fundi James Messenger, urefu futi 40, yaani mita 12 na kidogo, upana futi 6, ya mbao za mwerezi, ikakatwa vipande vitano vya kubebwa mabegani. Ni usanifu mzuri kwenye karatasi. Lakini vipande vilipofika Zanzibar vikawa vizito mno, havibebeki na wapagazi kwenye njia nyembamba za porini, na fundi mwingine akalazimika kuvigawa tena kabla ya safari. Unaona? Kosa la Captain, kwa udogo wake. Umbo limepatikana, uzito umeachwa uje kujulikana mabegani mwa watu.

Halafu wanahistoria wa boti wanaposimulia Lady Alice, wanataja mwerezi, wanataja Messenger, na wanasahau kwamba sharti gumu kuliko yote kwenye usanifu ule lilikuwa bega la mpagazi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Hicho ndicho kipimo kilichoamua vipande viwe vingapi na kila kimoja kiwe na ukubwa gani. Mabaharia waliokwenda na ile boti kulizunguka ziwa kwa karibu miezi miwili, akina Safeni na Uledi, walikuwa watu waliojua kwa mikono yao inavyoegemea na inavyorudi. Mwaka 1877 boti ikaachwa juu ya mwamba, karibu na maporomoko ya Isangila kule Kongo.

Stima ya William Mackinnon ilirudia mtindo huo kwa chuma. Ilijengwa na Bow, McLachlan wa Paisley, Scotland, ikafunguliwa, ikasafirishwa hadi Mombasa, kisha bara. Ilishushwa majini Kisumu, wakati ule Port Florence, mwaka 1900, mwaka mmoja kabla reli haijafika. Ndiyo kusema sehemu ya njia vipande vyake vilisafiri kwa mikokoteni na kwa vichwa vya watu. Stima za Winifred na Sybil zilifuata kutoka karakana hiyo hiyo.

Meli za aina hii zilikuwa na michoro ya namna ya pekee. Mchoraji wa Paisley hakumchorea fundi wa Paisley, ambaye angeweza kuja kuuliza. Alimchorea mtu ambaye hatamwona kamwe, kando ya ziwa lililo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Meli inafungwa kwanza kwa boliti, kila bati linapigwa alama, inafunguliwa, inapakiwa. Ufukweni mafundi wanazisoma alama, wanazilinganisha na mchoro, wanapiga ribiti. Wajerumani walifanya hivyo pia kwa Graf von Götzen, ambayo sisi tunaiita Liemba, iliyojengwa Papenburg mwaka 1913 na kuunganishwa upya Kigoma. Bado inaitwa meli ya Kijerumani. Hakuna mchoro unaoonyesha mikono iliyoipigilia upya.

Kuna na jambo dogo la maji. Maji ya bahari yana uzito wa kilo 1,025 hivi kwa mita moja ya ujazo, ya ziwa letu ni kama kilo 1,000. Meli ya tani 1,000 baharini inasukuma kando mita za ujazo 976 hivi. Ziwani inasukuma 1,000 kamili. Meli ile ile, shehena ile ile, Mwanza inakaa chini zaidi kuliko Tanga. Si nyingi, lakini msanifu asiyeikumbuka anaanza na deni.

Hapa kuna watu watakaosema: kumbe michoro yenyewe haina maana, babu zetu walijenga mitumbwi bila karatasi. Hoja hii naisikia sana na siikubali nzima. Ni kweli kwamba karne ya 19 ziwa lilikuwa na mitumbwi mikubwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, ile ya Buganda na visiwa vya Sese ikijulikana zaidi, na ilibeba watu wengi bila mhandisi yeyote. Ni kweli pia kwamba leo ukienda Kirumba au Igombe utamkuta fundi anaanza na mkuku, anasimamisha mataruma kwa jicho, na mtumbwi unatoka ulionyooka. Anayeuita ujuzi huo "kubahatisha" hajawahi kujaribu kupinda ubao.

Ila ujuzi wa jicho una mpaka. Unafanya kazi mradi mtumbwi wa leo unafanana na wa jana. Ukibadilisha kitu kikubwa ghafla, ukaongeza injini nzito nyuma, ghorofa ya abiria juu, kumbukumbu ya babu haikusaidii kwa sababu babu hakuwahi kukiona kitu hicho. Na ukweli ni kwamba Coles alianguka kwenye shimo hilo hilo: hakuna baharia aliyekuwa na uzoefu wa ubavu mfupi chini ya matanga marefu. Hapo ndipo hesabu inapohitajika.

Na hesabu yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyofikiri. Tuchukue kivuko cha kubuni cha tani 100. Funga timazi ya mita 2 ndani yake, ile ile ya waashi. Hamisha tani 1 ya mawe kutoka upande mmoja hadi mwingine, mita 4. Tuseme timazi imesogea sentimita 8. Gawanya 8 kwa 200 unapata 0.04. Sasa zidisha tani 1 kwa mita 4, gawanya kwa tani 100 mara 0.04. Jibu ni mita 1. Huo ndio umbali kati ya kitovu cha uzito na metasenta, yaani akiba ya kivuko chetu. Hili ndilo jaribio la kuinamisha walilofanyiwa Captain wakachelewa kulisoma.

Sasa pandisha watu 200, kilo 70 kila mmoja: tani 14. Wasimame mita 3 juu ya kitovu cha uzito cha mwanzo. Kitovu kinapanda kwa 14 mara 3 gawanya kwa 114, karibu sentimita 37. Tukichukulia metasenta haijasogea sana, akiba imebaki sentimita 63. Kivuko kinakaribia gati, watu wote wanajisogeza mita 2 upande wa kushukia. Zidisha 14 kwa 2, gawanya kwa 114 mara 0.63. Unapata 0.39, ambayo ni pembe ya nyuzi 21. Kwenye pembe kubwa namna hiyo kanuni hii fupi inaanza kudanganya na unahitaji mkunjo kamili, lakini ujumbe umeshafika. Hakuna aliyetoboa meli, hakuna dhoruba. Watu wamesogea tu.

Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, Ukerewe. Iliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220. Miaka 22 kabla, 21 Mei 1996, MV Bukoba, iliyoruhusiwa abiria 430, ilipinduka ikikaribia Mwanza baada ya kuongeza watu na mizigo Kemondo. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Uthabiti wa meli ile ulikuwa umelalamikiwa kabla ya siku hiyo. Ilipokuwa imegeuka chini juu, iliendelea kuelea kwa hewa iliyonaswa ndani, na watu walikuwa hai humo wakigonga mabati. Likatobolewa tundu ili kuwatoa. Hewa ikatoka, maji yakachukua nafasi yake, meli ikashuka. Archimedes yule yule wa kwenye daftari.

Ndiyo maana nakerwa na jinsi tunavyoandika habari za meli. MV Mwanza iliposhushwa majini Februari 2023 pale Mwanza Kusini, sote tulijua urefu wake mita 92.6, upana mita 17, abiria 1,200, mizigo tani 400. Bei pia tuliijua. Hizo ni habari za mchoro: umbo na ukubwa. Sisemi meli ile ina kasoro, sina sababu yoyote ya kusema hivyo, na meli yenye upana wa mita 17 inaanza na faida kubwa, maana upana ndio unaoinua metasenta. Nasema kwamba mwandishi wa habari ambaye angeuliza "jaribio la kuinamisha limetoa jibu gani?" angeonekana wa ajabu, ilhali hilo ndilo swali la kwanza la Reed. Hata vyuoni kwetu mwanafunzi anaweza kuchora umbo la chombo kwa programu ya bei mbaya akapata alama A, bila kuulizwa kitovu cha uzito kiko wapi abiria wakipanda juu wote.

Jamaa mmoja wa darasa letu aliniuliza abiria wa kawaida atafanya nini na mkunjo wa uthabiti. Labda hatafanya kitu. Lakini duara la Plimsoll anaweza kulisoma mama muuza dagaa akiwa amesimama gatini na ndoo yake: mstari uko juu ya maji au umezama. Idadi ya watu inaweza kuandikwa kwa sitaha, ya chini wangapi na ya juu wangapi, badala ya jumla moja iliyopakwa rangi karibu na mlango. Na karatasi ya mkunjo wenyewe, wenye tarehe ya jaribio la mwisho, inaweza kubandikwa kwenye ofisi ya tiketi karibu na nauli. Mchoro wa aina hiyo ulikuwa unachorwa kwa mkono, kwa kijiti na vipande vya risasi, tangu miaka ya 1870.